Tusimnyime binti maharagi kwa ajili ya butoni za uso



Juma hili tunazungumza juu ya uso wa watoto wetu wakubwa, wale wa miaka 12 mpaka 20. Ni juu ya butoni, zile ambazo vitabu vinaziita chunusi. Katika kikao kilichopita wamama watatu walituuliza swali moja: "Mama Mwalimu, nimkataze mtoto kula nini ili uso wake upone?" Tuliahidi kujibu hapa. Lakini kabla ya kujibu, inatupasa kuungama kosa letu wenyewe.

Mwaka jana, katika darasa tunalofundisha, kulikuwa na binti wa miaka 15. Mwanzoni mwa mwaka alikaa kwenye benchi la mbele. Baada ya likizo ya Noeli alihamia nyuma, karibu na ukuta, akafunga kitambaa kichwani kikishuka mpaka kwenye nyusi. Tukimwita ubaoni, alitikisa kichwa tu. Butoni zilikuwa zimejaa kwenye paji la uso na mashavuni, nyingine zimeiva, nyingine zimeacha madoa meusi. Sisi, kwa kutaka kumsaidia, tulimwambia yale tuliyoyasikia tangu utoto wetu: "Acha karanga, acha mayai, acha vitu vya mafuta." Akatujibu kwa sauti ndogo: "Madamu, mama amekwisha kunikataza vyote hivyo."

Miezi miwili baadaye alianguka mstarini asubuhi, wakati wa kupandisha bendera. Kwenye kituo cha afya walimpima, wakakuta damu yake ni kidogo. Muuguzi akamuuliza mama yake: "Mtoto anakula nini?" Mama akaanza kuhesabu vile alivyomkataza: karanga, mayai, maharagi, sambaza, avoka, na sombe kwa sababu ya mawese. Ni nini kilichobaki basi? Asubuhi, chai ya sukari na mandazi mawili. Saa ya mapumziko, biskwi au sukre ya chupa. Jioni, bugali na mchuzi mwepesi wa nyanya.

Na butoni? Hazikupungua hata moja. Mama wa watu alikuwa amehangaika kwa mapendo, na sisi tulimwongezea mzigo. Tangu siku ile tuliamua kusoma na kuuliza waganga kabla ya kufungua kinywa tena. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Butoni inatoka wapi?

Kila unywele wa mwili unatoka katika kitundu kidogo, na pembeni ya kitundu hicho kuna kifuko kinachotengeneza mafuta ya ngozi. Mafuta hayo ni ya lazima. Bila yenyewe ngozi inakauka na kupasuka. Mtoto anapofika umri wa kubalehe, homoni za mwili wake zinaamsha vifuko hivyo, na mafuta yanaongezeka, zaidi usoni, kifuani na mgongoni. Ngozi iliyokufa inachanganyika na mafuta hayo, kitundu kinaziba. Vijidudu ambavyo siku zote vinaishi kwenye ngozi bila kumdhuru mtu vinapata nafasi ya kuongezeka humo ndani, mwili unapigana navyo, na mahali pale panavimba na kutunga usaha.

Ndiyo sababu butoni zinawapata watoto karibu wote wa umri huo, wavulana na wasichana, wa tajiri na wa maskini. Zikiwa ziliwasumbua sana baba au mama, mara nyingi zinamsumbua mtoto vilevile. Kwa wasichana wengi zinaongezeka siku chache kabla ya hedhi. Hazitokani na uchafu, wala na mawazo mabaya, wala na kukosa bwana, kama wengine wanavyosema kwa kuchekelea. Mtoto anayesugua uso kwa sabuni kali na kitambaa kigumu mara tano kwa siku anajiumiza bure.

Na mafuta ya sombe? Wamama, mafuta tunayokula hayapandi moja kwa moja kutoka tumboni na kutokea usoni. Tumbo linayavunjavunja kwanza kama chakula kingine chote. Mafuta ya ngozi yanatengenezwa na ngozi yenyewe kwa amri ya homoni.

Chakula kina hatia au hakina?

Kwa miaka mingi waganga wengi walisema chakula hakihusiki kabisa. Sababu moja ni jaribio lililofanywa Marekani na kutangazwa mwaka 1969. Watu 65 wenye butoni walipewa chokoleti kila siku kwa majuma kadhaa, na wakati mwingine walipewa kitu kingine kilichofanana nayo lakini hakikuwa na kakao. Hapakuonekana tofauti, basi ikasemwa: chokoleti haina neno. Baadaye wengine walifungua hesabu ile upya, wakaona kwamba ile "chokoleti ya uongo" ilikuwa na sukari na mafuta mengi kama ile ya kweli. Sisi walimu tunaelewa kosa hilo haraka: ukitaka kujua kama chumvi imezidi katika chungu kimoja, hupimi kwa chungu kingine chenye chumvi ileile.

Mwaka 2002 kikundi cha watafiti kilitangaza habari za kisiwa cha Kitava, huko Papua New Guinea. Walipima watu 1200, na kati yao vijana 300 hivi wa miaka 15 mpaka 25, wasimwone hata mmoja mwenye butoni. Watu wale walikula viazi vitamu, viazi vikuu, mateke, matunda, samaki na nazi. Sukari, mikate na vyakula vya dukani vilikuwa haba sana kwao. Bila shaka damu ya ukoo nayo inaweza kuwa sababu, maana watu wa kisiwa kimoja ni ndugu. Lakini habari ile iliwaamsha wengi.

Kisha, mwaka 2007, Australia, vijana 43 wenye butoni waligawanywa katika vikundi viwili kwa majuma 12. Kikundi kimoja kiliendelea kula mikate myeupe na vyakula vinavyogeuka haraka kuwa sukari. Kingine kilipunguza hivyo, kikaongeza nyama, samaki, matunda na nafaka zisizokobolewa. Butoni zilipungua pande zote mbili, lakini kwa hawa wa pili zilipungua karibu mara mbili zaidi. Nao walipungua uzito kidogo, kwa hiyo mtu hawezi kusema kwa uhakika kwamba ni sukari peke yake. Ila jaribio hilo linaelekea upande mmoja na mengine yaliyofuata.

Namna yake ni hii. Tukila kitu kinachogeuka haraka kuwa sukari katika damu, mwili unatoa kwa nguvu homoni inayoitwa insulini. Insulini ikipanda sana kila siku, inasukuma homoni nyingine, na hizo zinaviambia vifuko vya ngozi vitengeneze mafuta zaidi. Vyakula hivyo ni sukre na juisi za pakiti, chai yenye vijiko vinne vya sukari, biskwi, bonboni, mkate mweupe na mandazi.

Sasa rudini kwa binti yetu. Vile alivyonyimwa vilikuwa vile vinavyomjenga. Vile alivyoachiwa ndivyo vinavyoshitakiwa.

Ni vipi visivyo na kosa?

Karanga, maharagi, avoka, mayai, sambaza, lengalenga, sombe, pilipili: hatukukuta ushahidi imara wa kuvitoa katika sahani ya mtoto kwa ajili ya butoni. Kinyume chake, maharagi na mboga vinapunguza mwendo wa sukari kuingia katika damu. Bugali peke yake unageuka sukari haraka. Bugali pamoja na maharagi au samaki na mboga unakwenda polepole. Kwa hiyo hatusemi muache bugali. Tunasema bugali usiende peke yake.

Maziwa yana kesi ya kwao. Mwaka 2005, Marekani, wanawake zaidi ya 47,000 waliulizwa walikula nini walipokuwa shuleni. Waliokumbuka kwamba walikunywa maziwa mengi walikuwa na butoni mbaya kidogo zaidi kuliko wengine. Lakini ni kumbukumbu ya miaka mingi, na kukumbuka si kupima. Katika nyumba zetu nyingi, mtoto anayepata kikombe cha maziwa amebahatika, tusimpokonye. Yule tu anayekunywa maziwa mengi kila siku na butoni zimemzidi, mama anaweza kumpunguzia kwa miezi miwili na kuangalia.

Jambo ambalo halina shaka ni damu. Msichana wa miaka 14 mpaka 18 anahitaji chuma zaidi ya mvulana wa umri wake, karibu miligramu 15 kwa siku, kwa sababu kila mwezi anapoteza damu. Chuma hicho kinapatikana katika nyama na samaki, katika maharagi, na katika mboga za majani. Chai inayonywewa pamoja na chakula inazuia chuma kuingia mwilini. Heri inywewe saa moja au mbili baadaye. Chungwa, papai au nyanya mbichi pamoja na maharagi vinasaidia chuma kuingia. Ukimnyima binti maharagi na samaki, unacheza na damu yake, na kichwa chake hakitashika masomo.

Sahani ya binti wa nyumba yetu

Tunajua bei ya soko, hatuzungumzi juu ya chakula cha hoteli. Asubuhi, uji wa masoso (mahindi, soja na mtama) wenye sukari kidogo, au kiazi kitamu kilichochemshwa na karanga. Saa ya mapumziko, ndizi au avoka badala ya biskwi, na maji safi badala ya sukre. Jioni, bugali kwa kiasi, maharagi au sambaza, lengalenga au sombe. Mandazi si sumu. Yawe ya siku ya Mungu, yasiwe ya kila siku. Jumlisheni pesa za sukre na biskwi za juma zima, mtaona zinatosha kununua maharagi.

Na ninyi mtakaojaribu, fanyeni kama tunavyowafundisha wanafunzi: badilisheni kitu kimoja kwa wakati, muandike. Mtoto achukue daftari, ahesabu butoni za shavu moja kila Jumapili. Ngozi haiendi mbio. Majuma 3 hayatoshi. Ngojeni majuma 12 ndipo muhukumu. Na tusidanganyane: chakula kinaweza kusaidia, si dawa ya kuponya kila mtu. Kuna watoto wanaokula vizuri kabisa, nao wana butoni. Tusiwaonee.

Adui mkubwa kuliko mandazi

Sasa tumalizie habari ya binti wetu, maana hatujasema lililo zito. Siku ile kwenye kituo cha afya, muuguzi alikuta katika mfuko wake wa shule tyubu ndogo ya kremu. Rafiki alimwambia inaondoa butoni na madoa. Aliinunua kwa pesa za mapumziko.

Wamama, nyingi ya kremu hizo ni za kubadilisha rangi ya ngozi. Ndani yake mnaweza kukuta dawa kali za jamii ya kotizoni, haidrokinoni, au zebaki. Kotizoni inadanganya vibaya: siku za kwanza uvimbe unashuka, uso unang'aa, mtoto anafurahi. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, inachanika mistari, na butoni mpya zinatokea, ndogondogo, nyingi. Akiacha, zinarudi kwa hasira. Basi anapaka tena. Zebaki inaharibu figo na mishipa ya fahamu. OMS imekwisha kuonya juu yake, na mama mwenye mimba anaweza kumwambukiza mtoto aliye tumboni sumu hiyo.

Binti anayekimbilia kremu ile si mjinga. Amesikia mara nyingi mno kwamba uso mzuri ni uso mweupe. Amesikia wapi? Wakati mwingine kwetu sisi, tukiwa tumekaa mlangoni, tukimsifu mtoto wa jirani kwa rangi yake. Hapo nasi tujihukumu.

Limao na dawa ya meno usoni vinachoma ngozi na kuzidisha madoa. Unga wa vidonge vya antibiotiki vilivyopasuliwa nao si dawa ya uso. Kubinya butoni kwa kucha kunasukuma usaha ndani na kuacha kovu. Na kwenye ngozi yetu nyeusi, kila butoni iliyobinywa inaacha doa jeusi linalokaa miezi.

Yanayosaidia ni madogo: kunawa uso mara mbili kwa siku kwa maji na sabuni nyororo, kwa vidole, bila kusugua. Mafuta mazito ya nywele yasishuke kwenye paji la uso. Kama butoni zimejipanga chini ya nywele tu, angalieni kwanza mafuta ya kusukia. Kitambaa cha kichwa na foronya vifuliwe mara kwa mara.

Wakati wa kumwona muganga

Mpelekeni mtoto kwenye kituo cha afya kama butoni ni kubwa, za ndani na zenye maumivu, kama zinaacha makovu, au kama miezi 3 imepita bila nafuu. Mpelekeni pia kama binti ana hedhi isiyofuata mwezi na nywele zinaota kidevuni, maana inaweza kuwa shida ya homoni. Zipo dawa nzuri za kupaka, kwa mfano peroksidi ya benzoili, na muganga atawaonyesha namna ya kuanza kidogokidogo. Lakini dawa za butoni zinazotokana na vitamini A, hasa vidonge vya isotretinoini, zinaweza kumlemaza mtoto tumboni. Msichana au mama asizinywe bila muganga, na mwenye mimba asizinywe kabisa. Mtu anayeuza dawa barabarani hawezi kujua hayo.

Na kama mtoto haendi tena shuleni, hali na wenzake, analia peke yake kwa sababu ya uso, hiyo pekee ni sababu ya kutosha kumpeleka. Tusiseme, "Ni butoni tu, zitapita." Zitapita, ndiyo, lakini mwaka wa masomo nao unapita.

Binti yetu aliacha kremu. Majuma ya kwanza uso ulichafuka kuliko mwanzo, na mama yake alitujia akiwa na machozi: "Mama Mwalimu, mmeniharibia mtoto." Hatukuwa na jibu zuri, tulikaa naye, tukamwambia muuguzi alikuwa ametabiri hivyo. Alipewa dawa ya kuongeza damu na ya kupaka usoni. Maharagi na sambaza vikarudi kwenye sahani, sukre ikatoka. Kufika mwisho wa mwaka butoni zilikuwa zimepungua, hazijakwisha. Madoa yapo mpaka leo. Ni chakula, ni dawa, au ni kuacha ile kremu? Kwa kuwa vilibadilika vyote pamoja, hatuwezi kusema. Tunachojua ni kwamba haanguki tena mstarini, na kwamba siku moja ya Juni alifungua kitambaa, akapanda ubaoni, akafanya hesabu yake mbele ya wote.

Kwa wale wamama watatu, jibu letu ndilo hili: msianze kwa kumkataza. Anzeni kwa kumuuliza alikula nini leo, na ana nini katika mfuko wake wa shule. Muulizeni kwa upole, bila watu wengine kusikia. Katika kikao kijacho, atakayependa alete tyubu na vichupa vya kremu vilivyo nyumbani kwake. Tutasoma pamoja yaliyoandikwa, kwa maana mara nyingi ni Kifaransa au Kiingereza, maandishi madogo, na watoto wetu wanajipaka bila kuyasoma.